Safari ya Jamaa Yetu kutoka Kolo mpaka Pwani

Somo la redio kwa madarasa ya kusoma na kuandika ya watu wazima. Msemaji: Ofisa Elimu.

Ikiwa redio imewekwa mbali, isogezeni kidogo kwa ajili ya wazee walio nyuma. Leo hatutasoma silabi wala hatutafanya hesabu. Nitawasimulia safari. Mtakapoletewa maneno haya katika karatasi mtaweza kuyasoma wenyewe, polepole, na kila tukikutana na neno jipya nitalieleza.

Mimi nakaa Kolo, katika wilaya ya Kondoa, mkoa wa Dodoma. Asiyeijua Kolo na ajue kwamba iko kando ya barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Babati na Arusha, kilometa 180 hivi kutoka Dodoma. Karibu na kijiji imeinuka milima, na penye majabali yake pana picha zilizochorwa na watu wa kale sana. Wamechorwa twiga, na tembo, na pofu, na watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu. Majabali yenye picha za namna hii katika nchi yetu ya Kondoa yanazidi 150. Mwaka wa 2006 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, liliyatia katika orodha ya urithi wa dunia. Neno "urithi" mnalijua: ni mali uliyoachiwa na waliokutangulia.

Basi kwa sababu ya picha hizo wageni huja Kolo kutoka nchi nyingi. Mwaka wa 2024 walikuja mume na mke na watoto wao wawili, watu wa Japani. Gari lao lilipata pancha karibu na kwetu, na wakati tairi likizibwa, wakaketi barazani kwetu, wakanywa chai. Bibi yangu, yaani mama yake mama yangu, aliwauliza maswali mengi, nami nikawa mkalimani. Mkalimani ni mtu anayegeuza maneno ya lugha moja kuwa ya lugha nyingine.

Wale wageni walisema kwamba kwao, shule zifungwapo wakati wa joto, wazazi huwachukua watoto kuzuru miji. Mwaka uliotangulia walikuwa wamekwenda Kyoto, mji uliokuwa makao ya wafalme wao kwa zaidi ya miaka elfu moja, na Nara, ambako kuna sanamu kubwa ya shaba ya Buddha iliyozinduliwa mwaka wa 752, na paa hutembea njiani katikati ya watu bila hofu. Kutoka Tokyo walisafiri kwa garimoshi liendalo kasi, ambalo nchi yao ililianza mwaka wa 1964. Katikati ya mwezi wa Agosti, wakasema, watu wengi hurudi makwao, husafisha makaburi ya wazee wao na kuwakumbuka.

"Hata wao?" Bibi akauliza.

"Hata wao, Bibi."

Akanyamaza mpaka wageni walipoondoka. Kisha akaniambia, "Mume wangu" (ndivyo anavyoniita kwa utani, kama ilivyo desturi ya bibi na mjukuu), "watu wametoka huko kuja kuutazama mwamba wetu. Mimi nina miaka sabini, sijaiona bahari. Na kaka yangu amezikwa Dar es Salaam, sijapata kumwombea dua pale alipolala."

Huyo kaka yake alikwenda Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya sitini, akapata kazi ya kupakua mizigo bandarini. Alikuwa akiandika barua kwa baba yao. Alifariki huko huko mwaka wa 1971, na mazishi yakafanywa na wenzake wa kazi. Barua moja tu imebaki, ya mwaka wa 1966. Bibi ameitunza katika kasha lake pamoja na kanga zake nzuri. Tangu utoto wangu nimesikia habari za barua hiyo: habari za bahari isiyo na ng'ambo, na mtu wa shaba mwenye bunduki katikati ya mji, na pantoni ivushayo motokaa kwenda Kigamboni. Bibi aliyajua maneno yake kwa moyo kwa sababu yalisomwa mara nyingi na kijana mmoja wa kijijini aliyejua kusoma. Yeye mwenyewe alikuwa hawezi.

Mwaka wa 1970 Serikali ilipoutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, Bibi alikuwa mwali aliyeolewa karibuni. Baadaye alihudhuria darasa miezi michache, akajua kuandika jina lake, kisha kwa kukosa kusoma akasahau yote isipokuwa hilo jina. Mwaka wa 2023 aliingia darasani tena. Sitajisifu kwamba mimi ndiye niliyemtia. Aliingia kwa sababu jirani yake aliingia, na hakupenda kushindwa.

Tulikubaliana kusafiri mwezi wa Juni 2025, baada ya mavuno, shule zikiwa zimefungwa. Tulikuwa watu watano: mimi, mke wangu, mwanangu wa darasa la sita, binti yangu wa darasa la pili, na Bibi. Tulichukua karanga, asali na mafuta ya alizeti kwa ajili ya ndugu yetu wa Temeke ambaye angetupokea. Huendi kwa mtu mikono mitupu.

Siku ya Jumatano, tarehe 11 Juni, alfajiri, tukapanda basi. Barabara yetu siku hizi ni ya lami. Zamani safari ya Dodoma wakati wa mvua ilikuwa ni kuomba Mungu tu. Lakini mwaka wa 2018 barabara ya lami kutoka Dodoma mpaka Babati, kilometa 251, ilifunguliwa, nayo ilijengwa kwa fedha za Serikali pamoja na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na wa Japani. Nilipomwambia Bibi kwamba nchi ya wale wageni wetu inao mkono katika barabara hii, akasema, "Na bado tairi lao likapasuka."

Sasa sikilizeni habari ya tikiti. Nilikuwa nimezinunua tikiti za treni kabla ya safari, nikazitia mfukoni. Ndani ya basi Bibi akaziomba apate kitu cha kusoma. Anasoma kila kitu: mifuko ya sukari, milango ya maduka, na shati la mtu aliyekaa mbele yake. Akaanza kwa kidole: jina, behewa, kiti. (Behewa ni chumba kirefu cha treni, treni moja huwa na mabehewa mengi.) Kisha akauliza, "Leo siku gani?"

"Jumatano, Bibi."

"Tarehe?"

"Kumi na moja."

"Hapa pameandikwa kumi na mbili."

Nikamwambia kwa upole kwamba pengine ameona vibaya. Mke wangu akaichukua tikiti. Naam, kumi na mbili. Mimi niliyesoma chuo kikuu nilikuwa nimelipa fedha, nikaikunja karatasi bila kuitazama. Mke wangu hakusema neno, lakini Bibi alisema mengi, na basi zima likacheka. Asingeisoma, tungefika mlangoni kwa treni na mizigo yetu, tukarudishwa.

Kwa hiyo tukalala Dodoma usiku mmoja, na kosa langu likatupatia mji ambao tungeupita tu. Dodoma iliamuliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka wa 1973, na mwaka wa 2018 ikatangazwa kwa sheria kuwa mji mkuu. Wagogo, wenyeji wa hapo, husimulia kwamba jina linatokana na tembo aliyezama matopeni. Tuliketi katika bustani ya Nyerere, watoto wakala zabibu, maana Dodoma ni nchi ya zabibu; tukauona Msikiti wa Gaddafi uliofunguliwa mwaka wa 2010, Bibi akasali Alasiri humo. Alitoka akisema kwamba zulia peke yake lingetosha kufunika kijiji.

Asubuhi tukaenda stesheni. Wazee wetu wangali wakisema "gari la moshi", lakini hili halina moshi. Huendeshwa kwa nguvu za umeme. Reli ya kwanza ya nchi hii ya kati Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka wa 1905, ikafika Kigoma mwaka wa 1914. Reli mpya ni pana zaidi. Safari za abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam zilianza mwezi wa Julai 2024, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi tarehe 1 Agosti mwaka huo. Treni yaweza kwenda kilometa 160 kwa saa moja. Yampasa abiria kufika mapema na kuwa na kitambulisho, basi msiviache vitambulisho nyumbani mkidhani uso unatosha.

Kwa nusu saa ya kwanza Bibi alishikilia kiti kwa mikono miwili. Miti ya karibu, alisema, inakimbia, lakini milima ya mbali inatembea nasi. Katika milima ya Kilosa treni ikaingia handakini. Handaki ni njia iliyotobolewa ndani ya mlima. Giza likaja ghafula, binti yangu akapiga ukelele, na Bibi akasema "Bismillahi" kwa sauti ambayo behewa zima lilisikia. Kabla hajamaliza, nuru ikarudi. Yule kijana wa darasa la sita alikuwa akihesabu mahandaki, wakabishana mpaka Morogoro kama yalikuwa matatu au manne. Ni manne.

Dar es Salaam tulifika kabla jua halijawa kali. Stesheni imejengwa kwa vioo, kwa mfano wa kito cha tanzanaiti kichimbwacho Mirerani. Ndugu yetu alikuwa akitungoja.

Sitawachosha na habari za wingi wa watu na magari. Kila atokaye mjini huzisimulia hizo. Nitawaambia mambo mawili yaliyomshangaza Bibi hapo mwanzo. La kwanza, watu hawaamkiani njiani. Alipofika asubuhi ya pili kituo cha mabasi ya mwendokasi, alianza kuwaamkia watu mmoja mmoja kama afanyavyo Kolo, na kabla hajafika wa kumi basi lilikuwa limeondoka. La pili, pweza. Katika soko la samaki la Feri alimwona pweza mzima ametandazwa mezani, akauliza ni kitu gani. Akaambiwa ni chakula. "Cha nani?" akauliza. Ndugu yetu alimnunulia kipande cha kuonja. Akamshukuru, akampa mtoto. Nawaambia haya si kwa kumcheka. Desturi ya mtu wa pwani si ya mtu wa bara, na mgeni hana lazima ya kula kila kitu, ila ajue kukataa kwa adabu.

Kisha tukaanza kuifuata barua. Bibi alikuwa nayo katika mkoba, ndani ya mfuko wa nailoni.

Tulianza kwa mtu wa shaba. Ndiye Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka wa 1927 mahali pale palipokuwa na sanamu ya mkubwa mmoja wa Kijerumani. Ni ukumbusho wa askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Vita hivyo vilifika hata kwetu: mwezi wa Mei 1916 Wajerumani na majeshi ya Waingereza walipigana Kondoa. Wapagazi, yaani wachukuzi wa mizigo vitani, walikufa kwa maelfu, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Hata jina la Kariakoo latokana na kikosi cha wapagazi hao, kilichoitwa Carrier Corps, kilichokuwa na kambi pale.

Chini ya ile sanamu pana maandishi. Nimepita hapo mara nyingi nilipokuwa mwanafunzi, sikuwahi kusimama. Yako ya Kiingereza, na ya Kiswahili kwa herufi zetu hizi, na tena kwa herufi za Kiarabu. Bibi alisoma Kurani utotoni, kwa hiyo herufi za Kiarabu azijua tangu zamani. Akaanza kuyasoma yale ya Kiarabu polepole, akitazamia maneno ya dini. Ghafula akanigeukia. "Mjukuu wangu, hiki ni Kiswahili!" Mmeona, wanafunzi? Kabla ya herufi hizi mnazojifunza, Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi. Kumbe kwa miaka sitini alikuwa na ufunguo mfukoni na hakuna aliyemwambia upo mlango.

Siku iliyofuata tukazuru Makumbusho ya Taifa. Makumbusho ni nyumba ya kuhifadhi vitu vya zamani ili watu wavione. Humo huhifadhiwa fuvu la kiumbe aliyeishi karibu miaka milioni mbili iliyopita, lililogunduliwa Olduvai mwaka wa 1959 na Bibi Mary Leakey. Ni yule yule Mary Leakey aliyekuja Kolo mwaka wa 1951 kunakili picha zetu za majabali, mstari kwa mstari. Mwanangu alipolisoma jina hilo alisema kwa sauti, "Huyu ni wa kwetu!" Mlinzi akacheka. Tulikwenda pia Kijiji cha Makumbusho, ambako zimejengwa nyumba za makabila mbalimbali. Bibi aliinama akaingia ndani ya tembe, akagusa ukuta, akatoka akisema moshi haupo. Alikuwa na maana kwamba nyumba isiyopikiwa si nyumba.

Bahari aliiona mara ya kwanza kutoka kwenye pantoni ya Kigamboni. Siku hizi liko daraja pia, lililofunguliwa mwaka wa 2016, lakini barua ilisema pantoni, basi ilikuwa lazima pantoni. Alisimama kwenye chuma cha pembeni, akatazama upande maji yanakofunguka. Hakusema kitu. Baadaye aliteka maji ya chumvi katika chupa ndogo, na chupa hiyo iko Kolo mpaka leo.

Siku ya Jumapili tukaenda Kinondoni makaburini. Wanafunzi, sehemu hii ya safari ndiyo iliyonifanya niombe nafasi ya somo hili.

Tulichojua ni mwaka wa kufariki tu. Makaburi ni mengi sana, na ya zamani mengi hayana jina; alama za mbao zimeoza, na juu ya kaburi moja pengine yamewekwa mengine. Tulitafuta tangu asubuhi. Watoto wangu waliyasoma majina kwa sauti, upande huu na upande huu. Hatukulipata. Adhuhuri ilipokaribia, Bibi akasema inatosha, Mungu anajua alipo. Tukaketi chini ya mwarobaini, tukamsomea Fatiha. Kisha akaitoa barua. Akasema hawezi kuondoka bila kumrudishia kaka yake maneno yake, na kwamba safari hii atayasoma mwenyewe.

Akasoma. Ilimchukua muda mrefu. "Kwa baba yangu mpenzi. Salaam nyingi. Baada ya salaam, mimi ni mzima, hofu ni kwenu." Akasoma habari za bahari, na mtu wa shaba, na pantoni. Sote twayajua maneno hayo. Alipofika upande wa pili wa karatasi, chini kabisa, penye mistari iliyobanana, akaendelea kusoma kwa sauti ile ile, silabi kwa silabi: "Na mdogo wangu, baba, usimwoze upesi. Mpeleke shule. Ada nitaleta mimi. Hapa mjini nimeona wasichana wanasoma."

Hakuna hata mmoja wetu aliyepata kuyasikia maneno hayo. Mke wangu alinitazama. Nikadhani Bibi atalia, lakini alisoma mpaka mwisho, na jina, na tarehe. Kisha nikamwuliza kwa nini hatukuambiwa.

"Nami nimeyajua mwaka huu," akasema. "Mwezi wa pili niliisoma barua yote kwa mara ya kwanza. Ilinichukua siku tisa. Msomaji aliyaruka, au baba alimkataza asiyasome, sijui. Wote wawili wamekufa. Na ada ile, kama ililetwa, sijui ilikwenda wapi."

Aliolewa mwaka wa 1970, akiwa na miaka kumi na mitano. Mama yangu alizaliwa mwaka uliofuata, mwaka ule ule aliofariki kaka.

"Umekasirika, Bibi?" binti yangu akamwuliza. Watoto huuliza yale ambayo sisi tunayaogopa.

Akafikiri. "Nilikasirika siku tisa. Nikaona afadhali nije."

Tukarudi Temeke. Jioni ile alikula vizuri.

Unguja tulikwenda kwa meli iendayo kasi, saa mbili hivi njiani. Juu ya safari hiyo nitasema tu kwamba mimi na mwanangu tulitapika, na Bibi hakutapika. Mji Mkongwe wa Zanzibar nao umo katika ule urithi wa dunia, tangu mwaka wa 2000, kama majabali yetu ya Kolo. Njia zake ni nyembamba hata watu wawili wakikutana na mkokoteni mmoja hurudi nyuma. Milango ni ya mbao nzito, imechongwa maua na minyororo, mingine ina maandishi ya Kiarabu juu, na Bibi hakuupita hata mmoja bila kuusoma. Beit al Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka wa 1883, tuliliangalia kwa nje tu, maana sehemu yake ilianguka mwezi wa Desemba 2020.

Watoto walicheka waliposikia Waunguja wakisema "skuli". Bibi akawakemea: "Wao ndio wenye lugha. Ninyi mmeazima." Kweli, Kiswahili sanifu kilijengwa hasa juu ya Kiunguja, lugha ya mji huu. Usiku tulikula Forodhani, na hapo ndipo alipokubali samaki, na urojo akaomba mara ya pili.

Mkunazini palikuwa na soko la watumwa. Lilifungwa mwaka wa 1873, na Waingereza wakajenga kanisa mahali pale. Pembeni yake mna sanamu za watu watano wamesimama shimoni, na minyororo shingoni. Tulishuka pia katika vyumba vya chini vinavyoonyeshwa kwa wageni. Dari iko chini mno, hata mwanangu aliinama. Watu waliouzwa katika soko hili walitoka bara, wakapita kwa miguu njia ambayo sisi tulipita kwa saa chache tukiwa tumeketi vitini. Bibi aliuliza kama majina yao yaliandikwa popote. Mwenye kutuongoza akajibu kwamba ya wengi hayakuandikwa. Bibi akatoka nje, akaketi kivulini, hakutaka kuona kitu kingine siku hiyo.

Tulirudi Kolo tarehe 24 Juni. Jirani walijaa nyumbani siku tatu. Kila mmoja alitaka kuonja maji ya chupa kama kweli ni ya chumvi, na ikabidi Bibi aifiche, isije ikaisha.

Juma moja baadaye akaniambia kwamba anataka kupanda kwenye picha. Nilistaajabu. Amezaliwa chini ya mlima huo, lakini aliujua kama mahali pa matambiko ya mvua ya wazee, si mahali pa matembezi, tena mteremko ni mkali. Akasema kwamba akiulizwa tena na mgeni barazani kwake aweze kujibu. Basi tukaenda ofisi ya Mambo ya Kale hapa Kolo, tukapewa mwongozaji, akapanda kwa mkongojo, akipumzika kila hatua ishirini. Juu aliwatazama wale watu warefu wembamba wa rangi nyekundu muda mrefu. Akauliza waliochora walikuwa wanasema nini. Mwongozaji akaeleza mawazo ya wataalamu. Bibi akamsikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Yuko mmoja hapa anayesafiri. Tazama miguu yake."

Ofisini kuna kitabu cha wageni. Akaomba kalamu. Akaandika jina lake lote, la baba yake pia. Penye nafasi ya kuandika mtu atokako, juu yake walikuwapo watu wa Ujerumani, na Dar es Salaam, na Marekani. Akaandika: Hapa hapa.

Sasa, wanafunzi, tazameni saa ya mwalimu. Zimebaki dakika chache. Chukueni kalamu na madaftari. Kazi ya juma hili ni barua, mistari mitano au sita, kwa ndugu aliye mbali. Mwelezeni mahali mlipopata kwenda, au mahali mnapotaka kwenda. Andikeni tarehe juu, upande wa kulia. Aliye na barua ya zamani nyumbani, ambayo alisomewa na mtu, na ailete darasani. Mwalimu atamsaidia penye mwandiko mgumu, lakini asome mwenyewe. Na barua itakayotoka hapa mtu aisome yote, pande zote mbili, kabla ya kuitia katika bahasha.

Jumanne ijayo saa hii hii tutajifunza kujaza fomu. Kwaherini.